Samaki wa kuoka na mboga: trei ikijaa maji, viazi vikivia, na hitilafu nyingine za jioni

Tangu nianze kuoka samaki wa jioni kwa ajili ya familia, naulizwa maswali karibu kila wiki. Wengine ni majirani, wengine wadogo zangu waliohamia nyumba yenye jiko la oveni na hawajawahi kulitumia. Malalamiko yenyewe hayazidi kumi na yanajirudia kwa maneno yale yale, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa dalili. Tafuta ile inayofanana na ya kwako, kisha anza na sababu iliyotajwa kwanza, maana ndiyo inayotokea zaidi.

Neno moja kabla ya kuanza. Watu wengi pishi likiharibika wanalaumu viungo. Wanaongeza kitunguu saumu, wanabadili bizari, wananunua masala mapya. Mimi kwa uzoefu wangu viungo huwa havina kosa. Kosa ni maji yaliyopita kiasi, au vitu visivyoiva kwa muda mmoja kuingizwa ovenini kwa pamoja. Ukishika hayo mawili, chumvi na ndimu peke yake zinatosha.

Pishi ninalolizungumzia ni hili, la watu 4. Minofu 4 ya samaki mweupe, kila mmoja gramu 180 hivi, unene sentimita 2 na nusu. Viazi mviringo 4, karoti 2, hoho 1, kitunguu maji kikubwa 1, nyanya 2 ngumu, punje 4 za kitunguu saumu, ndimu 1, vijiko vikubwa 3 vya mafuta, chumvi, pilipili manga, na bizari nusu kijiko cha chai. Oveni nyuzi 200 za Selsiasi. Viazi, karoti na nyanya hutangulia. Hoho na kitunguu hufuata, na samaki huingia dakika 12 hadi 15 za mwisho. Ndimu hukamuliwa trei ikishatoka.

Samaki mweupe kwa watu wa pwani ni changu na chewa. Kwa watu wa ziwa ni sangara, ambaye Kenya huitwa mbuta, na sato, ambaye huko huitwa ngege. Jodari, nguru na vibua wana nyama nyeusi zaidi na wana tahadhari yao, nimeiweka mwishoni.

Trei imejaa maji, samaki kachemka

Hili ndilo linaloongoza. Mtu anafungua oveni akitegemea viazi vyenye kingo za kahawia, anakuta mchuzi mwepesi wa rangi ya maziwa na samaki amelala ndani yake, mweupe pe, bila hata doa la kuokwa.

*Samaki hakukaushwa.* Minofu ya sangara inayouzwa kwenye mifuko huwa imegandishwa, na mara nyingi hupakwa tabaka jembamba la barafu ili nyama isikauke ndani ya friza. Barafu hiyo ikiyeyuka ni maji. Nyama nayo hutoa maji yake, kwa sababu chembe za barafu zimechana nyuzi zake. Bonyeza mnofu kwa tishu ya jikoni: ikilowa hadi vidoleni, bado hujakausha. Dawa yake ni kumyeyusha samaki ndani ya friji usiku kucha, kwenye chujio lililokaa juu ya bakuli, ili asilale ndani ya maji yake mwenyewe. Asubuhi umwage yale maji. Jioni mkaushe pande zote kwa tishu, mtie chumvi, mwache dakika 10, halafu mkaushe tena. Hiyo mara ya pili wengi wanairuka, na ndiyo inayoleta tofauti.

*Trei imesongamana.* Mboga zikipandana zinafukizana kwa mvuke wao wenyewe. Zilale tabaka moja, na kati ya kipande na kipande pawe na nafasi ya kupitisha kidole. Familia ya watu 6 inahitaji trei 2. Zibadilishane nafasi, ya juu iende chini, zikifika nusu ya muda.

*Nyanya, na mboga zenzake za maji.* Zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji. Uyoga na biringanya nao hutoa mengi. Nyanya zikate nusu, toa mbegu kwa kijiko, zilaze upande uliokatwa ukitazama juu, na ziingie mapema pamoja na viazi zipate muda wa kukauka. Uyoga vilevile. Ukizikata vipande vidogo na kuzimwaga juu ya samaki dakika za mwisho, unamwagia maji.

*Trei imefunikwa.* Wengi wamezoea kufunga foili juu kwa kuogopa samaki kukauka. Mvuke unabaki ndani, na samaki anaiva kwa mvuke. Ni pishi halali na ni tamu, ila mboga hazitapata rangi hata kidogo. Kama unataka kuoka, acha wazi.

*Oveni haikuwa na moto wa kutosha.* Iwashe dakika 20 kabla. Taa ya oveni inapozimika mara ya kwanza hewa ya ndani imepata moto, lakini kuta na vyuma bado. Mimi huacha trei tupu ndani wakati oveni inapata moto, kisha namimina viazi vilivyopakwa mafuta juu ya chuma kilichokwisha kuwaka. Ukisikia vinalia *chwaaa*, hutaona maji.

*Umeme mdogo.* Sababu hii watu hawaifikirii kabisa. Oveni ya umeme inategemea volti, na volti zikipungua kidogo joto linapungua sana. Umeme uliotakiwa kuwa volti 230 ukishuka hadi 180, oveni inabaki na takriban asilimia 60 tu ya nguvu yake. Saa 1 hadi saa 3 usiku, mtaa mzima ukiwa unapika na kupiga pasi, taa zenu zikififia, jua kwamba oveni nayo imefifia. Kipimo kitaonyesha 200 kwa sababu ndipo ulipokizungushia, joto la ndani liko mbali. Siku hizo oka mapema, au chemsha viazi kwanza jikoni ili oveni ibaki na kazi ndogo.

Kama maji yameshajaa na watoto wanasubiri chakula, usiyamwage, yana ladha yote. Mtoe samaki umweke kwenye sahani iliyofunikwa. Yamimine maji kwenye sufuria ndogo, yachemshe yapungue nusu, tia vijiko 4 vya tui zito la nazi na ndimu kidogo, una mchuzi. Mboga zirudishe ovenini nyuzi 220 kwa dakika 8 hadi 10.

Samaki kaiva, viazi vimevia

Sababu ya kwanza, na mara tisa kati ya kumi nilizoitwa kuangalia ndiyo hiyohiyo, ni kwamba vyote viliingia pamoja. Picha nzuri za trei moja zenye kila kitu ndani zinawadanganya watu. Kwa nyuzi 200, kiazi kilichokatwa vipande vya sentimita 2 kinataka dakika 35 hadi 40. Karoti hazipungui sana hapo. Boga na koliflawa dakika 25, kitunguu 20, hoho 15 hadi 20, bamia na maharage machanga 12 hadi 15. Mchicha au spinachi dakika 3 tu, chini ya samaki, unanywea peke yake. Mnofu wa sentimita 2 na nusu unataka dakika 12 hadi 15. Anza kuhesabu kutoka mwisho kurudi nyuma: chakula kiwe mezani saa 2, samaki aingie saa 1 na dakika 43, viazi viwe vimeingia kabla ya saa 1 na dakika 20.

Ya pili ni vipande visivyolingana. Kimoja kikubwa kama yai, kingine kama ukucha: cha pili kinaungua cha kwanza kikiwa kibichi. Kata vilingane.

Ya tatu ni ndimu au siki iliyomwagwa juu ya viazi vibichi. Uchachu hukaza kuta za kiazi, kikachukua muda mrefu kulainika. Nilimwona mama mmoja akivipika viazi saa nzima bila mafanikio, kumbe alivilowesha kwenye mchanganyiko uleule wa ndimu aliomtilia samaki. Viazi vipate mafuta na chumvi tu. Ndimu ije mwishoni.

Kwa anayerudi kazini saa 1 jioni na hana dakika 40, chemsha viazi na karoti dakika 7 kwenye maji ya chumvi, mwaga maji, viache wazi kwenye chujio mvuke utoke, kisha paka mafuta uvitie ovenini. Vitamaliza kwa dakika 15 hadi 20. Usiongeze moto ukafika nyuzi 240 ukidhani unafupisha muda. Nje vitababuka na ndani vitabaki vimevia.

Viazi vyenye ngozi ya kijani ni suala jingine. Ile sehemu ya kijani na machipukizi ina sumu isiyoondoka kwa moto wa oveni. Ikate kwa kina. Kiazi kikiwa kijani sehemu kubwa au kichungu, kitupe.

Samaki mkavu, anakwama kooni

Amekaa mno. Samaki mweupe ana mafuta machache ya kumkinga, dakika 4 zinatosha kumtoa kwenye ulaini hadi ukavu. Anza kumkagua dakika ya 10. Chomeka ncha ya uma mahali pazito kuliko pote, zungusha kidogo: nyama ikiachana kwa matabaka na imekuwa nyeupe isiyopitisha mwanga hadi katikati, mtoe. Ukiwa na kipimajoto cha nyama, nyuzi 63 katikati ndicho kiwango salama. Kumbuka ataendelea kuiva kidogo akiwa juu ya trei yenye moto, kwa hiyo mhamishie sahani.

Mkia mwembamba kukauka na upande wa kichwa kubaki mbichi ni kwa sababu ya umbo la mnofu. Ule mkia ukunje chini yake, unene ulingane.

Ukitumia changu mzima, mchanje pande zote mbili hadi uti wa mgongo, mikato 3 kila upande. Bila hivyo utamkausha tumboni ukisubiri mgongo uive. Wa kilo 1 anachukua dakika 30 hadi 40. Akiwa na damu bado kwenye mfupa, mrudishe dakika 5 kwanza halafu mkague upya, usimrudishie 15 kwa hasira.

Akishakauka harudi. Mchambue, mchanganye na mboga, ndimu, mafuta kidogo na giligilani, aliwe na wali.

Utando mweupe kama maziwa yaliyoganda juu ya samaki

Ni protini ya samaki mwenyewe iliyokamuliwa na moto ikaganda juu. Haina madhara. Inatokea zaidi moto ukiwa mkali mno au samaki akikaa kupita kiasi. Mloweke dakika 10 hadi 15 kwenye maji baridi yenye chumvi, vijiko vikubwa 3 vya chumvi kwa lita 1, mkaushe, usimtie chumvi nyingine. Utando utapungua sana.

Nyama imelainika kama uji, haishikani

Uliza kwanza alikaa kwenye ndimu muda gani. Tumelelewa tukijua kwamba samaki huoshwa kwa ndimu na kuachwa nayo, na kwa samaki wa kukaanga haraka hilo halidhuru. Lakini ndimu huipika nyama bila moto. Ikikaa saa 3, juu inakuwa kama chaki na ndani inavurugika. Dakika 15 zinatosha kabisa, 30 ndio mwisho. Tangawizi mbichi iliyotwangwa na papai bichi ni kali zaidi, zina vimeng'enya vinavyomeng'enya protini. Papai bichi liache kwa nyama ya ng'ombe. Tangawizi ipake samaki akiwa anakwenda ovenini.

Kama hakukaa kwenye ndimu, angalia kama aligandishwa mara mbili. Dalili zake huonekana dukani: barafu nyingi iliyolegea ndani ya mfuko, minofu iliyoshikana bonge moja, maji mekundu yaliyoganda pembeni. Maana yake friza ilizima, samaki akayeyuka, umeme ukarudi akaganda tena. Nyumbani kwako pia hutokea. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24. Samaki aliyebaki na chembe za barafu unaweza kumgandisha tena, atapoteza ulaini tu. Aliyeyeyuka kabisa ndani ya friza iliyopata joto usimrudishe.

Sababu ya mwisho ni samaki wa siku nyingi. Akiwa analainika, anateleza kwa ute na ananuka, hapo hakuna cha kurekebisha. Acha.

Shombo kali, au harufu ya tope

Hizi ni harufu mbili tofauti na dawa zake ni tofauti. Tafadhali usizichanganye, maana moja inaweza kukulaza hospitali.

Harufu ya tope huja zaidi na sato wa bwawa. Inatoka kwenye kitu kiitwacho jiosmini, kilekile kinachonukia ardhini mvua za kwanza zikinyesha. Bakteria wa kwenye maji hukitengeneza na samaki hukihifadhi kwenye mafuta na ngozi. Hakidhuru. Toa ngozi, kata nyama nyembamba ya tumbo, kata ule mstari mweusi unaopita katikati ya mnofu, kisha mloweke dakika 10 kwenye maji ya baridi yenye siki au ndimu. Uchachu hukivunja. Mkaushe uoke.

Shombo la kawaida la samaki wa bahari hupungua kwa ndimu pia, na kwa kuosha vizuri damu iliyoshika uti wa mgongo na kutoa mashavu kwa samaki mzima. Shombo likibaki chumbani baada ya kula, ni mafuta yaliyorukia kuta za oveni. Zifute zikiwa vuguvugu kwa maji ya siki, umeme au gesi ikiwa imezimwa.

Lakini samaki anayekuchoma puani kama mkojo, mwenye macho yaliyozama na mashavu ya kahawia, nyama ambayo ukiibonyeza shimo linabaki, huyo ameoza. Ndimu itaficha harufu na haitaondoa kilichomo. Mtupe, hata kama ni wa bei kubwa na hata kama wageni wako mlangoni. Unapokwenda Feri au soko lolote la samaki, nenda asubuhi, chukua mfuko wenye barafu, na ukifika nyumbani samaki aingie kwenye baridi kabla hujavua viatu. Jua la saa 6 mchana halimsubiri mtu.

Samaki ananata kwenye trei, au ana madoa ya kijivu na ladha ya chuma

Kunata ni mafuta machache, au kumgeuza mapema. Mnofu wa oveni haugeuzwi. Ulaze juu ya mboga, au juu ya vipande vya ndimu na kitunguu vilivyopangwa kama kitanda, au juu ya karatasi ya kuokea. Akitoka, msubiri dakika 2, ataachia mwenyewe.

Ladha ya chuma ni foili iliyokutana na ndimu, nyanya na chumvi. Uchachu hula alumini. Tandika karatasi ya kuokea kati ya foili na chakula, basi.

Upande mmoja umeungua, mwingine mbichi. Au oveni haipati moto kabisa

Oveni nyingi zina upande mkali, na kwa za gesi mara nyingi ni nyuma, karibu na moto. Panga vipande vya mkate trei nzima, oka dakika 10, utaona ramani ya oveni yako. Kuanzia hapo weka viazi upande mkali na samaki upande wa upole, na geuza trei nusu ya muda.

Kujua kama kipimo kinasema kweli, kipimajoto cha oveni ndicho bora. Kama huna, tumia sukari, kwa sababu sukari nyeupe huyeyuka karibu nyuzi 186. Weka kijiko kimoja kwenye kipande cha foili, oveni iliyokwisha pata moto wa nyuzi 175, dakika 15: isiyeyuke. Weka nyingine kwa nyuzi 190, dakika 15: iyeyuke. Ikiyeyuka kwa 175, oveni yako ni kali kuliko inavyosema, punguza nyuzi 20. Isipoyeyuka kwa 190, ongeza.

Kwa oveni ya gesi isiyopata moto, tikisa mtungi uone kama gesi inaelekea kuisha, kisha tazama kama mpira umekunjika. Matundu ya moto yakiziba kwa mafuta na chembe za chakula, mwali huwa wa njano na mdogo. Ukiwa umezima kila kitu na jiko limepoa, unaweza kuyasafisha kwa brashi kavu. Mwali ukibaki wa njano baada ya hapo, unatoa masizi, au unazimika wenyewe kila baada ya muda, acha kutumia oveni na uite fundi wa majiko ya gesi. Kile kihisi kinachokata gesi mwali ukizimika usikifunge wala kukiruka, hata fundi wa mtaani akikuambia hakina kazi. Kipo kwa ajili ya uhai wako.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala usizime taa, usiwashe kiberiti, usichomoe friji. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo mlango wa nje ufunguliwe wazi na watoto waliokaa chini watoke kwanza. Kuvuja unakutafuta kwa povu la sabuni kwenye mpira na regyuleta baada ya harufu kuisha. Kiberiti kamwe.

Kwa ya umeme, kama inapiga shoti ukiigusa, inakata umeme wa nyumba kila ikipata moto, au plagi inaungua na kunuka plastiki, zima swichi kubwa na umwite fundi umeme mwenye leseni. Mara nyingi ni waya wa ethi uliokatika au haukuwepo tangu mwanzo, au koili iliyopasuka. Oveni inahitaji waya mnene wa kwake. Kuichomeka kwenye kebo ya kurefusha pamoja na friji na birika ni kuomba moto.

Sina oveni, nimepalia makaa, chini kumeungua

Kupalia ni kuoka kwa haki, bibi zetu walioka mikate ya kumimina hivyo. Kosa ni kuweka makaa mengi chini. Kwa samaki na mboga, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, theluthi moja kwa theluthi mbili. Tumia sufuria nzito, tandaza mchanga safi mkavu ndani yake na juu ya mchanga weka kisahani cha bati kitakachobeba chakula. Viazi viwe vimechemshwa kabla.

Fanyia uani. Jiko la mkaa usilifungie ndani, hata kama mvua inanyesha na hata kama makaa yamebaki majivu mekundu. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu wala rangi. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kikiwapata watu zaidi ya mmoja chumbani, tokeni nje mara moja muende hospitali.

Baada ya kula

Mabaki yasikae nje zaidi ya saa 2, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, likipita nyuzi 32, saa 1. Ndani ya friji yanadumu siku 3 hadi 4.

Uso kuwaka na kuwa mwekundu, kichwa kugonga, vipele na moyo kwenda mbio ndani ya saa moja baada ya kula jodari, vibua au nguru, ni histamini iliyojitengeneza samaki alipokaa juani. Moto hauiui, na mara nyingine samaki anaonja kama pilipili mdomoni. Acha kula. Pumzi ikibana au midomo ikivimba, kimbilia hospitali. Ganzi ya midomo na ulimi ni hatari kubwa zaidi, inaweza kuwa sumu ya bunju, yule samaki anayejivimbisha, ambayo nayo haiishi kwa kupikwa. Hapo usisubiri hata dakika. Ndiyo maana sinunui mnofu uliochunwa ngozi kwa mtu nisiyemjua.

Mwiba ukikwama kooni, tumezoea kuambiwa meza tonge la ugali. Usifanye hivyo, tonge linaweza kuuzamisha zaidi au kuchana koo. Kohoa kwa nguvu, kunywa maji kidogo. Ukibaki, ukimeza unauma, au mate yana damu, nenda kwa daktari autoe kwa vifaa vyake, usiku huohuo. Kwa mtoto usijaribu kuingiza vidole kabisa. Na kabla samaki hajaingia ovenini, pitisha kidole katikati ya mnofu kutoka kichwani kwenda mkiani; miiba utakayoihisi ing'oe kwa koleo ndogo, ukiivuta kuelekea upande ilikolala.